Kentrosaurus wa rezini: kumwandaa na kumuunganisha ukiwa Lindi

Kama unaishi Lindi au Mtwara na unataka kuonja kazi ya modeli za rezini, yaani kimiminika kinachoganda kikawa kigumu kama plastiki, achana kwanza na vifaru na ndege za kivita. Tafuta seti ya dinosaria aitwaye Kentrosaurus. Huyu ni mnyama wa kwetu. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, kile kilima kilichoko bara, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, katika uchimbaji ulioendeshwa na Makumbusho ya Berlin kuanzia 1909 hadi 1913, na Edwin Hennig, mtaalamu wa visukuku, akampa jina mwaka 1915. Watu wengi wakisikia Tendaguru humkumbuka mwenzake mwenye shingo ndefu, Giraffatitan, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 na ambaye leo, baada ya kuundwa upya, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Anapendeza, sikatai, lakini hata kwa kipimo cha 1:35 anazidi sentimita 60 kutoka pua hadi mkia, na vipande vyake ni vizito. Si wa kuanzia. Kentrosaurus alikuwa na urefu wa mita nne na nusu hivi. Kwa kipimo cha 1:20 unapata modeli ya sentimita 22 au 23, inayokaa vizuri mezani.

Zaidi ya hapo, ana miiba. Shingoni na mgongoni kwa mbele amepangwa vibamba vidogo, jozi kwa jozi, halafu kuelekea nyonga vibamba vinageuka miiba mirefu inayoendelea hadi mwisho wa mkia. Kila kasoro inayojulikana ya rezini utaikuta kwenye miiba hiyo: kupinda, kuvunjika, matundu ya hewa, kutokaa sawa. Ukimmaliza huyu, seti nyingine hazitakutisha.

Uulize nini kabla ya kulipa

Modeli ya plastiki ya kawaida hutoka kiwandani kwa maelfu, vipande vikiwa vimeshikwa kwenye fremu, na vinakaa sawa karibu bila kuguswa. Rezini ni kazi ya mkono. Vimiminika viwili vinachanganywa, vinamiminwa kwenye kalibu ya silikoni, vinaganda, vinatolewa. Kalibu yenyewe huchoka baada ya kumiminwa makumi ya mara, kwa hiyo nakala za mwishomwisho zinakuja na mistari minene na nyama za ziada. Hii ndiyo sababu seti mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kabisa. Mwombe muuzaji picha za vipande vyenyewe utakavyotumiwa. Picha ya modeli iliyokwisha kupakwa rangi na fundi wake haikuambii kitu.

Muulize pia kama ni rezini ya kumiminwa au ya kuchapwa kwa mashine. Siku hizi seti nyingi ni za kuchapwa, na rezini hiyo ni nyingine: hugandishwa kwa mwanga, huvunjika kwa urahisi zaidi, na kama haikuiva sawasawa utaikuta inanata. Ikinata, usiishike kwa mikono mitupu kwa sababu inawasha ngozi. Vaa glavu, ifute kwa spiriti, iache ikauke, kisha iweke juani kwa muda huku ukiigeuza. Jua la Lindi linamaliza kazi hiyo bure. Usiisahau huko, maana ikizidi inakuwa ya njano na inazidi kuwa dhaifu. Mwongozo huu unahusu zaidi ile ya kumiminwa.

Kifurushi kikifika Dar es Salaam, mara nyingi safari ya mwisho ni kwa basi, na kwenye buti la basi hakuna mwenye kujua kwamba ndani mna miiba. Mwambie anayekutumia afunge vipande vidogo kwenye kiboksi chao, ndani ya boksi kubwa, kila kimoja na sponji yake. Mifupa yenyewe ya Tendaguru, tani zaidi ya 200, ilishuka hadi bandari ya Lindi kwenye vichwa na mabega ya wapagazi, mingine ikiwa imefungwa ndani ya mianzi iliyosukwa kuizunguka, na ikafika Berlin. Boksi ndani ya boksi si ombi kubwa.

Vifaa, na wapi pa kuvipata

Usiagize kila kitu. Duka la vifaa vya ujenzi lina msasa wa maji namba 240, 400, 600 na 800, gundi ya epoksi ya mirija miwili, na epoksi ya kukanda ile ya kuzibia mabomba yanayovuja. Duka la spea za magari lina praima, yaani rangi ya kutangulia, ya kijivu ya kopo la kupuliza. Maduka ya vifaa vya hospitali yanauza mpini wa kisu cha upasuaji namba 3 na bledi zake namba 11, zenye ncha kali; hakuna kisu bora kwa bei hiyo. Fundi simu atakuonyesha anakonunua vibano vyake. Fundi umeme ana mabaki ya waya wa shaba ambayo kwake ni takataka. Sonara ana tupa ndogo za kila umbo, na mara nyingi ana keekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole; kama hauzi, hiyo ndiyo utaagiza, pamoja na biti za kuanzia nusu milimita hadi milimita 2. Msumeno wenye meno madogo sana, supaglu mbili (moja nyepesi, moja nzito), miwani ya kukinga macho na barakoa za N95.

Gundi ya modeli za plastiki usinunue. Inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na rezini haiyeyuki nayo. Kipande kitashika jioni na kudondoka asubuhi.

Hesabu, andika, ndipo uoshe

Tandika kitambaa cheupe, mwaga vipande vyote, vilinganishe na karatasi ya maelekezo. Kama kuna kilichopungua au kuvunjika, piga picha na mtumie muuzaji siku hiyohiyo, kabla hujakigusa chochote. Ukishaanza kukata, madai yako yamekufa.

Kisha viandike majina. Kwenye kila kishina, yaani kile kibonge cha rezini kilichobaki pale ilipomiminwa, andika kwa penseli: kushoto au kulia, jozi ya ngapi kutoka kichwani. Miiba ya Kentrosaurus inafanana mpaka ikuchanganye, lakini kila jozi ina urefu wake na mlalo wake. Huko Tendaguru mashimo yalipewa herufi, na lile lililotoa mifupa mingi ya Kentrosaurus liliitwa St. Hadi leo wataalamu wakitaja mfupa wanataja na shimo lake. Kishina kikishakatwa, hamishia jina kwenye kijikaratasi cha gundi. Trei ya mayai inatosha kupangia.

Kuosha ni lazima, na hakuchukui muda. Ndani ya kalibu hupakwa mafuta ili kipande kitoke, na mafuta hayo hubaki juu ya rezini. Usipoyaondoa, rangi itabanduka kama ganda. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mkuukuu. Sugua hasa kwenye mikunjo ya ngozi na kwapani. Suuza, tandaza kivulini, acha usiku kucha. Fanyia kwenye beseni, maana mwiba ukiingia bombani haurudi.

Kukata na kupiga msasa

Vumbi la rezini si la kuchezea. Ni laini mno na likiingia kwenye mapafu linakaa. Barakoa ya kitambaa haizuii. Vaa N95, kaa nje au dirishani upepo ukikutoka mgongoni, na kila inapowezekana piga msasa ndani ya maji: loweka msasa, chovya kipande, sugua, chovya tena. Vumbi linakuwa tope na haliruki. Ukimaliza usifagie, futa kwa kitambaa kibichi, na nguo ulizovaa zifuliwe kabla hujabeba mtoto.

Kishina kisikatwe kikigusa mwili. Acha milimita moja au mbili, kisha punguza kwa tupa, kisha msasa namba 240, 400, na 600. Rezini huvunjika ghafla mwishoni mwa mkato, ikang'oa na nyama ya kipande. Kwa hiyo kata nusu upande huu, geuza, malizia upande wa pili. Usitumie koleo la kukatia kwenye kishina kinene. Linabana na kupasua.

Mistari ya kalibu ni ile michirizi mirefu iliyoinuka inayopita ubavuni na kwenye ukingo wa kila mwiba, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ipitie kwa kukokota makali ya bledi yakiwa yamesimama wima, bila kukata, kama unavyopaa samaki. Kwenye ngozi yenye magamba yaliyochongwa, acha msasa kabisa, utafuta magamba. Hapo ni ncha ya bledi peke yake, na subira.

Shika mwiba karibu na pale unapofanyia kazi. Ukiushika kwenye kitako ukasugua nchani, utakatika, na utakatika pembamba ambapo hata pini haiingii.

Kunyoosha vilivyopinda

Hapa ndipo mambo ya pwani yanapoanza kutofautiana na maelekezo ya Ulaya. Rezini hulegea kwa joto. Kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 80 kipande chembamba kinakuwa laini kiasi cha kupindwa kwa vidole. Hiyo ni dawa, na pia ni ugonjwa: boksi lililokaa mchana kutwa kwenye gari lililofungwa, au juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari, linaweza kukupa miiba iliyolala ambayo ilitoka kwa muuzaji ikiwa wima.

Weka vyombo viwili mezani. Kimoja cha maji ya moto, yaliyochemka kisha yakaachwa dakika chache yapoe. Kingine cha maji baridi, yenye barafu ukiipata. Shika mwiba kwa kibano kwenye kitako, uzamishe kwenye maji ya moto. Mwembamba unataka nusu dakika, mnene dakika moja au mbili. Usihesabu tu, usikilize kwa kidole: utoe, ubonyeze kidogo, ukiona unakubali bila kurudi, umeiva. Unyooshe polepole juu ya kioo au kigae, uuzungushe uone kama unagusa urefu wote, kisha uubane hapohapo na kuutosa kwenye maji baridi. Ukiuachia kabla haujapoa, unarudi ulikotoka.

Mkia ni kazi nyingine. Ni mnene kwenye kitako na mwembamba nchani, hivyo ncha italegea zamani huku kitako kikiwa bado mfupa. Zamisha kitako kwanza, ncha ikiwa nje, kisha shusha taratibu. Na jua kwamba rezini ina kumbukumbu. Kipande kilichonyooshwa kikikutana tena na joto kali kitajaribu kurudi kwenye umbo lake la kwanza, ndiyo maana mkia unahitaji pini ndefu ndani, na modeli iliyokamilika isiwekwe dirishani.

Kujaribu bila gundi

Unganisha mnyama mzima kwa kutumia vibonge vya udongo wa kuchezea watoto au utepe wa karatasi unaonata, bila tone la supaglu. Msimamishe juu ya kioo. Fundi vioo atakupa kipande cha bure. Kentrosaurus ana miguu mifupi mbele na mirefu nyuma, nyonga iko juu, kichwa chini. Kama mguu mmoja unaelea, tatizo karibu daima liko kwenye kiungo cha paja, si kwenye unyayo. Usikate unyayo. Punguza kiungo, jaribu, punguza tena.

Angalia pia jozi moja ya miiba mikubwa yenye kitako kipana na bapa. Hennig aliiweka nyongani, na michoro pamoja na modeli za miaka mingi zikamfuata. Siku hizi wataalamu wengi huiweka begani, kwa sababu jamaa zake waliochimbwa China wanaonyesha mwiba wa aina hiyo kwenye bega. Seti za zamani bado zina tundu nyongani. Uamuzi ni wako. Mimi naziba tundu la nyonga na kutoboa jipya begani, maana aliyeijua habari akitazama modeli ndipo anapotazama kwanza. Ila amua sasa. Ukishapaka praima ni kuchelewa.

Pini

Supaglu ina nguvu ya kuvutwa, haina nguvu ya kugongwa. Kiungo chochote kinachobeba uzito au kinachochomoza kinataka pini ya waya ndani yake: miguu yote minne, shingo, mkia, na kila mwiba mrefu kuliko ukucha wako.

Waya wa shaba ni bora kuliko chuma. Hewa yetu ina chumvi, na chuma kilichokatwa kitapata kutu ndani ya kiungo na kutoa doa la kahawia kupitia rangi. Waya wa uzi mmoja wa umeme wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 una unene wa karibu milimita 1.8, unafaa miguu na mkia kwa biti ya milimita 2. Ule wa 1.5 una karibu milimita 1.4, unafaa shingo. Kwa miiba chukua nyuzi kutoka kwenye waya mnene wa kusokotwa, pima, tumia biti inayozidi uzi kidogo tu.

Kupata matundu mawili yanayotazamana ndiyo shida ya kila mtu. Toboa upande mmoja kwanza, ule mwembamba, yaani kitako cha mwiba. Ingiza waya mfupi unaochomoza kidogo tu, paka ncha yake rangi yenye maji, kisha ukalishe mwiba mahali pake mgongoni na uuinue. Nukta iliyobaki ndipo pa kutoboa. Toboa nukta kwanza kwa ncha ya bledi ili biti isiteleze. Zungusha keekee bila kukandamiza, ukiitoa mara kwa mara kumwaga unga; rezini ikipata moto inanata kwenye biti na biti nyembamba inakatika humo ndani. Tundu la mgongoni lifanye pana kuliko la mwiba. Nafasi hiyo ndogo itakuruhusu kurekebisha mlalo, na epoksi itaijaza.

Gundi katika hewa ya pwani

Supaglu hugandishwa na unyevu, na unyevu tunao wa kutosha. Kwa hiyo inashika haraka kuliko kopo linavyosema, inazeeka haraka ikishafunguliwa, na ikizidi inatoa ukungu mweupe kuzunguka kiungo. Dawa ni tone dogo, nafasi yenye hewa inayopita, na utunzaji: funga chupa, iweke kwenye mtungi wenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, mtungi uingie kwenye friji. Siku ya kazi uutoe mapema na usiufungue mpaka upate joto la chumba. Ukiufungua ungali baridi, hewa yenye unyevu itatoa jasho ndani yake na gundi itaganda yenyewe.

Kwa viungo vya miguu, shingo na mkia mimi sitaki supaglu, nataka epoksi. Inakupa muda wa kusogeza. Changanya sawa kwa sawa, kidogo kidogo, maana kwa joto letu ile ya dakika tano haifiki dakika tano. Funga miguu yote minne kwa mara moja, msimamishe mnyama juu ya kioo kilichopakwa mafuta kidogo, egemeza kwa vitabu, acha mpaka kesho. Ukifunga mguu mmojammoja kwa siku tofauti, wa nne utaelea, hata kama kwenye majaribio ulikanyaga.

Miiba ifuate mwisho, kuanzia mkiani kwenda mbele, jozi kwa jozi, ukimtazama mnyama kutoka nyuma baada ya kila jozi. Supaglu nzito kwenye pini, tone la nyepesi kwenye mshono. Kuna wanaopaka miiba rangi kando na kuibandika mwisho kabisa. Kwa Kentrosaurus ni wazo zuri, mradi mishono ya vitako iwe inakaa bila kuhitaji kuzibwa.

Kuziba

Matundu ya hewa usiyapake tu rangi. Yachokonoe kwanza kwa ncha ya bledi, kwa sababu mara nyingi chini ya kitundu kuna pango. Matundu madogo yanajazwa kwa supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto mpaka iwe uji mzito. Lisugue siku hiyohiyo, likilala linakuwa gumu kuliko rezini. Mishono ya miguu na mabega inataka epoksi ya kukanda. Kanda mpaka rangi mbili ziwe moja, sukuma kwenye ufa, lainisha kwa kidole kilicholowa maji. Kabla haijakaza, bonyeza magamba kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, ukifuata mpangilio wa ngozi ya jirani. Ukitumia bodi fila ya magari pia inashika, ila inanuka na haichongeki vizuri kwenye eneo dogo.

Praima na rangi

Praima ndiyo itakayokuonyesha ulichokosa. Rezini ya krimu inaficha mikwaruzo, kijivu hakifichi. Kwa hiyo puliza safu ya kwanza nyembamba ukitarajia kurudi kwenye msasa.

Chagua siku. Msimu wa mvua wa huku, Desemba mpaka Aprili hivi, unyevu unafanya rangi ya kupuliza iwe na utusitusi, na vanishi ndiyo hugeuka nyeupe kabisa. Miezi ya kusi ni bora, lakini kusi ina upepo na vumbi. Mimi napuliza kwenye saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka na upepo wa bahari haujachangamka, ndani ya boksi la katoni lililolazwa ubavu. Joto nalo lina mtego wake: ukisimama mbali, matone yanakauka hewani na kutua yakiwa unga. Sogea sentimita 15 hadi 20, pita haraka, usisimame mahali pamoja.

Rangi gani? Hakuna ajuaye rangi ya Kentrosaurus, kwa hiyo hakuna wa kukukosoa. Rangi za akriliki za maji zinatosha, kwa brashi, safu mbili tatu nyembamba. Anza na rangi ya msingi, kisha mimina rangi nyeusi-kahawia iliyozimuliwa sana iingie kwenye mikunjo, ukaushe, halafu chukua brashi yenye rangi nyepesi uliyoifuta karibu yote kwenye kitambaa, uipitishe juu ya magamba. Miiba ilivikwa pembe juu ya mfupa, hivyo usiipake rangi ya ngozi. Katafute pembe ya ng'ombe machinjioni uitazame: kitako kina weupe mchafu na mistari myembamba, ncha inaingia giza na kung'aa kidogo. Vanishi isiyong'aa kwa mwili, tone la inayong'aa kwa macho.

Kitako

Kwa Mtwara na Lindi kumweka mnyama huyu juu ya ubao wa dukani ni kujinyima. Wachongaji wa Kimakonde wana mabaki ya mpingo.

"Shikamoo mzee. Naomba kipande cha mpingo, hata chenye ufa."

"Marahaba mwanangu. Chenye ufa cha nini?"

"Cha kumsimamishia mjusi wa Tendaguru."

"Basi chukua hiki, ufa uweke nyuma."

Mpingo ni mgumu na una mafuta. Toboa polepole kwa biti kali, na futa sehemu ya gundi kwa spiriti kabla ya epoksi, la sivyo haishiki. Pini za miguu zizame ndani ya mbao angalau sentimita moja.

Ardhi juu yake, watu wengi hubandika majani bandia ya kijani. Usibandike. Kentrosaurus aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na wakati huo nyasi hazikuwapo duniani. Weka viferni na vigogo vya misonobari. Au mchanga mtupu: tabaka za Tendaguru zenye dinosaria zinapishana na tabaka zenye makombe ya baharini, kwa hiyo mwambao wenye maji ya kina kifupi ni mahali pa haki kwake, na mchanga wa ufukweni Lindi unafaa kuliko wa kununua. Ila uoshe kwa maji ya bomba mara kadhaa na kuuanika, kwa sababu chumvi ikibaki itaendelea kunyonya unyevu na kuinua rangi. Chekecha kwa chujio la chai. Punje kubwa, kwa kipimo cha 1:20, ni mawe.

Kama modeli itasafiri, tuseme inakwenda kwa mtu Mtwara, usigundishe miguu kwenye mpingo mpaka ifike. Acha pini zikae kavu, mfunge mnyama peke yake na mbao peke yake, na weka kwenye bahasha mwiba mmoja wa akiba kama seti ilikuja nao, pamoja na kipande kidogo cha waya wa saizi yake.